Udongo Marufuku

Dada yangu Eluned ameshapanda ndege,
amekwenda Nyuzilandi kutibu kondoo wa watu,
miaka miwili, amesema, si zaidi,
naye si mtu wa kukopa siku.
Gari ameniachia mimi nilisafirishe.

Karatasi za wakala ni kurasa kumi na moja.
Mafuta yasizidi robo tanki.
Betri iwe na chaji, king'ora kizimwe,
ndani kusibaki kitu, hata mwavuli.
Na chini, kwa wino mzito:
udongo marufuku. Mbegu marufuku.
Jani kavu, unyoya, utando wa buibui, marufuku.

Nikacheka peke yangu uani.
Subaru hii imelala miaka tisa kwenye matope ya Bryn-y-gwynt.
Imezalisha kondoo kwa mwanga wa taa zake.
Ilimbeba baba, siku ile, mpaka hospitali ya Aberystwyth,
na viatu vyake vya shamba miguuni,
maana alikataa katakata kuvivua.

Siku tatu nimeosha.
Nimelala chali chini yake kama fundi asiye na cheti,
maji ya mpira yakinirudia usoni,
nikikwangua kwa bisibisi, kwa mswaki, kwa ukucha.
Udongo mwekundu wa shamba la juu ulitoka mapema.
Ule mweusi wa bondeni ukagoma.
Nikang'oa viti. Nikalifyonza zulia kwa mashine.
Manyoya ya mbwa aliyekufa mwaka juzi
yakatoka konzi kwa konzi,
nikayashika kidogo kabla ya kuyatia pipani.
Chini ya mkeka wa dereva, alama mbili za visigino.
Hizo hazikutajwa kwenye karatasi.
Nikazisugua hata hivyo.

Southampton, saa kumi na mbili asubuhi, mvua ya rasharasha.
Magari yamepangwa mistari kama wanafunzi wa bweni,
mapya, yana plastiki kwenye usukani,
na hili letu katikati yao, limetakata kupita kiasi,
kama mzee aliyevalishwa suti kwa harusi ya mwanawe.
Karani akauliza: Thamani yake?
Nikakaa kimya mpaka akainua macho.
Ya bima, akasema.
Nikataja pauni elfu tatu. Akaandika.

Nilikuwa nimepanga jambo moja dogo:
kiti cha dereva nikiache pale pale
nilipokisukuma nyuma kwa ajili ya miguu yangu mirefu,
ili atakapokaa, upande ule wa dunia,
mguu wake usifike kwenye breki,
anitukane kwa jina.
Lakini kuli wa bandarini alikuwa mfupi.
Kabla sijageuka amekivuta mbele, kra,
akawasha, akalipandisha kwenye ulimi wa chuma,
na tumbo la meli likameza taa moja nyekundu,
maana ile ya kushoto haijawaka tangu Krismasi.

Nikarudi kwa treni,
mikono magotini, haina cha kushika.

Wiki ya nane simu ikalia usiku; kwake ni mchana.
Limefika, akasema. Liko Lyttelton.
Mkaguzi ana tochi, na kioo kama cha daktari wa meno.
Amelichungulia saa nzima.
Amekuta mbegu moja, Gethin. Moja.
Kwenye reli ya kiti.
Nimetozwa pesa za kuliosha upya.

Nikaomba radhi. Akanyamaza.
Kisha: Nilimwomba anionyeshe kabla hajaichoma.
Shayiri.

Nikamuuliza, ya shamba la juu au la bondeni?
Akasema, Nani ajuaye, punje moja tu.
Nikasikia upepo wa kwake ukipiga simu.
Akasema, La juu.